Kibuyu Kilichopaa na Mheshimiwa

Jana jioni nilichoma kijiti cha senetwet kwenye jiko la makaa, huku nyumbani kwangu Nakuru, na jirani wa ghorofa ya juu akapiga kelele dirishani kwamba kuna nyumba inaungua. Nikamwambia hakuna nyumba inayoungua, ni kibuyu tu ninachokitayarisha. Alifunga dirisha kwa kishindo. Simlaumu, kwa sababu moshi wa mti huo si moshi wa kuni wala wa makaa. Una uchungu wenye utamu ndani yake, nao ukishaingia puani hautoki upesi. Mimi ukinipata huwa siko tena mjini. Niko juu kidogo ya Keringet, asubuhi ya ukungu, nimeketi kwenye stuli jikoni kwa Gogo, naye ananisukuma kwa goti nimpishe motoni.

Gogo ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba. Mtu asiwadanganye kwamba nyanya wote ni wapole. Wetu alikuwa mfupi, mkali, mwenye majivuno ya usafi, na aligombana na kuku wake kama mtu anayegombana na mashemeji. Lakini alipokuwa anatengeneza mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, alitulia kabisa, hata sauti yake ikashuka. Alichoma kijiti cha senetwet mpaka ncha ikawa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu, akasugua polepole akizungusha, moshi ukitoka kibuyuni na kumpanda usoni. Kisha akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunika, akakipeleka pembeni penye giza kilale. Ndiyo, alisema kilale. Tulikatazwa kupiga kelele karibu na maziwa yaliyolala, na kwa muda mrefu niliamini kwamba yakiamshwa mapema yatalia.

Vibuyu alikuwa navyo kadhaa, ila kimoja hakikuguswa ovyo. Shingo yake ilipinda kidogo upande, mithili ya mtu anayesikiliza, na mkanda wake ulikuwa wa ngozi yenye shanga nyeupe na za buluu. Mama yake alimpa siku alipoolewa. Hicho kilikuwa cha wageni. Mgeni alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akakirudisha kwa mikono miwili kwa yule aliyempa, na pale kwenye kurudisha, mikono yote minne ikiwa bado imekishika, mwenyeji alisema neno lake: baraka, au ombi, au lawama kama ipo. Gogo alipenda kusema kwamba mtu akishika kibuyu chako umeshamshika masikio, maana hawezi kukupungia mkono wala kusalimia mwingine.

Ng'ambo ya ua wetu lilikuwa shamba la ile familia. Sitaitaja, na nyinyi msinilazimishe. Kila upande wa nchi hii una familia yake ya aina hiyo, ile ambayo baba ni waziri katika kila serikali, mjomba ni mkuu wa kitu fulani, na shemeji anakuja kuwa mkuu wa kitu kingine. Baba mtu tulimwita Mzee. Alinunua shamba hilo wazungu walipokuwa wanaondoka, ngano yake ikienda mpaka macho yachoke. Mwanawe wa kwanza alipelekwa kusoma mbali akiwa bado mdogo, kwa hiyo hatukuwahi kumwona, lakini tulijua kwamba siku moja atatuongoza, kama tunavyojua kwamba baada ya kiangazi mvua itakuja. Aliitwa Kijana wa Mzee. Aliitwa hivyo hata nywele zilipomwota mvi.

Ndani ya shamba hilo, chini ya miti mikubwa, kulikuwa na chemchemi. Watu wa kwetu waliteka maji pale tangu zamani, wakipita kwenye njia nyembamba kando ya ngano, na hakuna aliyewauliza. Halafu akaja meneja mpya. Akaweka geti la mabati na kufuli kubwa, na tangu siku hiyo tukawa tunateremka hadi mtoni, bondeni kabisa, na kupanda tena na mitungi mgongoni. Wakati wa mvua maji ya mto yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Goti la Gogo lilianza kulia njiani, tak, tak, na aliapa kwamba maji yale yanafanya vibuyu vinuke panya.

Meneja alipoulizwa alisema ni oda kutoka juu. Chifu alipoulizwa alisema, "Nimesikia, nitapeleka juu." Mimi nilikuwa darasa la pili au la tatu, na nilipotazama juu niliona ukungu tu. Nikadhani huko ndiko anakoishi Kijana wa Mzee, pamoja na ufunguo.

Basi msidhani nilishangaa ilipotangazwa kwamba anakuja kuomba kiti cha bunge, na anakuja kwa ndege aina ya helikopta. Chifu alifika nyumbani amevaa kofia yake ya kazi. Walitaka mama wa heshima wa kumpokea mgeni kwa mursik, na walitaka kibuyu kizuri.

"Mama, ni wewe," Chifu alisema. "Hakuna mwingine hapa anajua kutengeneza kama wewe."

Gogo, ambaye kwa kawaida alimwita Chifu kofia tupu, alijifanya kufikiri. Nilimwona macho yakimetameta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Gogo, pamoja na goti lake bovu, alikuwa tayari kuinama.

Juma lile lote alifanya mazoezi. Alimfanyia ng'ombe wetu mweupe, Chelel. Jioni baada ya kukamua alisimama mbele yake, akanyoosha mikono kama aliyeshika kibuyu, akasema, "Mwanangu, umekunywa maziwa yangu. Sasa fungua geti la maji." Siku nyingine alianza na habari za Mzee, siku nyingine na habari za goti. Akaishia kupunguza yote mpaka yakabaki maneno machache. Alisema mtu mkubwa masikio yake yamechoka, hayabebi mengi. Chelel alitafuna tu, na mimi niliyekuwa nimeshika ndoo niliyakariri yale maneno hata nikayaota.

Siku ilipofika ukungu ulikuwa umelalia uwanja wa shule, tukausikia ule mngurumo kabla hatujaona kitu. Kondoo wa shule walikimbilia darasani. Kisha ukungu ukapasuka na ndege ikashuka polepole, nyasi zote zikilala upande mmoja, kofia ya Chifu ikienda zake. Kijana wa Mzee alitoka akiwa amevaa suti na viatu vyepesi visivyojua matope ya kwetu. Alikuwa na uso mzuri, wenye haya kidogo. Wamama walimvika mzunguko wa majani ya sinendet shingoni, wakaimba, naye akacheza vibaya lakini kwa moyo. Nilimpenda papo hapo, siwafichi.

Gogo alisogea. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na gamboti za mpira alizozisugua zikang'aa. Akampa kibuyu kwa mikono miwili. Kijana wa Mzee akakipokea, akanywa, akanywa tena, akatokea na masharubu meupe yenye vumbi jeusi la senetwet. Watu wakashangilia. Na hapo, jamani, akakiinua kibuyu juu ya kichwa kama mchezaji aliyeshinda kombe, akakizungusha watu wote wakione, akamgeukia askari wake mwenye miwani nyeusi, akamkabidhi. Askari akakipeleka ndegeni.

Mikono ya Gogo ilikuwa bado imenyooshwa. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho: mikono miwili mifupi imenyooshwa mbele ya tumbo, haina kitu, na midomo imekwisha kufunguka kwa neno la kwanza. Mtu mmoja akasema, "Mathe, songa kidogo, Mheshimiwa anaongea." Akasonga.

Hakuna aliyesema kibuyu kirudishwe. Kila mtu uwanjani alijua, hata watoto walijua, lakini nani angemwambia mtoto wa Mzee mbele ya watu kwamba hajui kunywa maziwa? Aliahidi barabara, akaahidi stima, akaahidi soko la viazi. Kisha ndege ikapaa, na kibuyu cha Gogo kikapaa nayo, kikamezwa na ukungu.

"Ni heshima kubwa, mama," Chifu alimwambia, akitafuta kofia yake. "Kibuyu chako kimeenda Nairobi."

"Sikukituma Nairobi," Gogo alijibu.

Kijana wa Mzee alishinda kiti, na angekosaje. Kazi yake ya siasa sisi tuliifuata kwa redio ya Gogo, ile iliyofungwa kwa mpira betri zisitoke. Akawa naibu waziri. Akawa waziri kamili. Akahamishwa wizara, akasifiwa, akatajwa kwamba huenda akapanda zaidi. Kila habari ilipotangazwa Gogo aliinama karibu na redio na kusema, "Muulizeni kibuyu!" Tulicheka mpaka tukalia. Lakini asubuhi tulishuka mtoni kama kawaida, na kila mwaka alishuka polepole zaidi, mpaka ikabidi tumsubiri kwenye jiwe la katikati ya njia, yeye akijifanya amesimama kutazama mbuzi wa watu. Chombo kingine cha wageni hakutengeneza. Mgeni akija alipewa chai.

Siku moja mama yangu alileta nyama kutoka Molo imefungwa kwa gazeti, na katika gazeti lile lenye damu alikuwemo Kijana wa Mzee, ameketi kwenye kiti kikubwa sebuleni kwake. Ukutani nyuma yake zilining'inia ngao na mikuki, na katikati, shingo ikiwa imepinda upande, kilikuwepo kibuyu chetu. Nilitazamia Gogo apige kelele. Alilikausha lile gazeti karibu na moto, akalibandika ukutani, akalitazama kwa muda.

"Kiko salama," alisema. "Lakini hakinywi chochote. Kitapasuka."

Kisha mambo yakageuka huko mjini, kama yanavyogeuka. Mzee alikufa. Waliokuwa marafiki wa familia wakawa marafiki wa familia nyingine. Uchaguzi ulipokuja, Kijana wa Mzee alishindwa na mtu wa malori ya viazi ambaye hata Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Watu wa kwetu walisherehekea kwa sauti ya chini, wasisikiwe na ngano. Mimi nilikuwa msichana mkubwa sasa, karibu kumaliza shule ya msingi, na nilifurahi kwa ubaya wote niliokuwa nao.

Mvua za mwaka huo zilikuwa nzito. Tulikuwa shambani tunachimba viazi, Gogo na mimi, tulipoona gari limezama kwenye matope ya barabara, ile barabara iliyoahidiwa. Mtu mmoja akatoka peke yake, akaanza kutembea kuja kwetu, viatu vikinyonywa na udongo kila hatua. Hakukuwa na askari wala miwani nyeusi. Alikuwa amenenepa na kuchoka.

"Chamgei, mama," alisalimia, kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza lugha yake kwa likizo. "Naomba jembe kidogo, gari imekwama. Unanikumbuka?"

Gogo hakunyanyuka. "Mimi nakukumbuka. Wewe ndiye umesahau. Kibuyu changu kiko wapi?"

Alitabasamu kwanza, yale matabasamu ya jukwaani, halafu nikaona tabasamu likimwishia. "Kile kibuyu? Mama, kiko kwangu, kwa ukuta. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilipewa nikiingia siasa. Nilijua ulinipatia."

"Nilikupatia maziwa," Gogo alisema.

Mvua nyembamba ilitunyeshea sote watatu. Yule mtu alitazama mikono yake, akachukua jembe, akaenda kulichimbua gari mwenyewe, na aliporudisha jembe alikuwa amelisafisha kwa nyasi.

Wiki iliyofuata alirudi. Alikuja kwa miguu kutoka kwenye nyumba ya shamba, amekibeba kibuyu ndani ya taulo, kama mtoto anayetoka kuogeshwa. Walikuwa wamekipaka vanishi. Kiling'aa kama meza ya ofisi, na kilinuka sabuni. Gogo aliinuka, akafuta mikono kwa leso, akazishika pande zote mbili za kibuyu, lakini hakukivuta. Kijana wa Mzee naye alikuwa amekishika. Mikono minne. Nilijua neno litakalofuata.

"Mwanangu," Gogo alisema, "ulikunywa maziwa yangu. Sasa fungua geti la maji."

Kijana wa Mzee akamtazama kwa upole kabisa, akauliza, "Geti gani?"

Gogo alimchunguza uso, kama anavyochunguza maziwa kujua kama yameiva. Kisha akakivuta kibuyu kwake na kuniambia, "Cherono, mpeleke akaone."

Nikampeleka. Nilitembea mbele kwa hasira, nikiuacha ukungu unilowanishe uso. Nilijiambia kwamba ni mwongo, kwamba wakubwa wote husema hivyo, geti gani, njaa gani, barabara gani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tulipofika alisimama mbele ya yale mabati, akaigusa kufuli, ikamwachia kutu vidoleni.

"Na hii ni shamba yetu?" aliuliza. "Sasa mbona hamkusema?"

"Tulisema. Tulimwambia meneja. Tukamwambia Chifu."

Meneja alikuja mbio na funguo, zote hazikufungua, kwa hiyo Kijana wa Mzee akachukua jiwe na kuigonga kufuli mpaka ikaachia. Aligonga kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipokwisha alishuka hadi kwenye chemchemi, akapiga magoti matopeni na suruali yake nzuri, akanywa kwa viganja. Alibaki pale hivyo, mgongo kwetu, kwa muda uliomtia meneja wasiwasi. Hakuna redio iliyotangaza, lakini mimi naamini hiyo ndiyo kazi kubwa aliyopata kuifanya.

Gogo aliishi akinywa maji ya chemchemi kwa miaka mingi. Alichoma senetwet ndani ya kile kibuyu tena na tena, akiilaani sabuni ya Nairobi, mpaka harufu yake ya kwanza ikarudi. Vanishi ilikataa kutoka yote. Iko sehemu chini ya shingo inang'aa bado, nami nikikishika kidole gumba changu huenda pale chenyewe. Kibuyu aliniachia mimi, si wanawe, na ugomvi uliotokea ni hadithi ya siku nyingine.

Hasira yangu kuhusu lile swali, geti gani, niliibeba mpaka utu uzima. Ilinitoka baada ya kuajiriwa katika ofisi moja hapa mjini, ambako kazi yangu ni kupokea malalamiko ya watu na kuyapandisha. Mtu anakuja analia. Mimi naandika kwa adabu. Wa ghorofa ya pili anapunguza makali. Wa ghorofa ya tatu anabakiza sentensi, ili mkubwa asiudhike. Yanapofika juu yamekuwa salamu tu. Siku moja nilimsikia mkubwa wetu akiuliza kwa uso ule ule mpole, "Shida gani?" nikashika ukuta. Nikajua Kijana wa Mzee hakudanganya. Hakujua. Alibebwa kutoka mikono ya yaya hadi mikono ya walinzi, kutoka kiti hadi kiti, na katika safari hiyo yote hakuna aliyethubutu kumwambia hata kwamba kibuyu hurudishwa. Afadhali angekuwa mwongo, maana mwongo nilijua namna ya kumchukia. Huyu ilinibidi nimwonee huruma, na kutuonea huruma sisi pia, tuliosimama uwanja mzima tukitazama mikono ya nyanya yangu ikiwa mitupu, tukapiga makofi.

Juzi mama alinipigia simu. Jumamosi binti wa Kijana wa Mzee anakuja kwenye uwanja wa shule. Anataka kiti cha baba yake. Amesoma mbali, anasemekana ni mtu mzuri, na nadhani ni kweli. "Wamesema wanataka kile kibuyu cha zamani," mama aliniambia. "Na wewe ndiye unajua kukitengeneza." Kisha akashusha sauti. Miti iliyo juu ya chemchemi imekatwa yote, shamba limepandwa viazi hadi ukingoni, na maji yamekuwa membamba kama uzi. Meneja anasema ni oda kutoka juu.

"Lakini Cherono," akaongeza, "kuwa na adabu. Usimwaibishe mgeni wa watu."

Nimemwahidi adabu. Maziwa yamelala pembeni mwa jiko, nami natembea kwa vidole nisiyaamshe. Jumamosi nitavaa gamboti. Nitampa binti wa watu kibuyu kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa, na nitamwacha anywe mpaka atosheke. Ila mikono yangu sitaiondoa.